Sentensi Kumi za Charo Dzombo

Sekondari ya Wasichana Mwamba Mweupe,
Kilifi.
Jumapili, 19 Januari 1986

Kwa mume wangu Charo Dzombo, Kakuyuni,

Shikamoo, Babu. Nakuamkia kwanza kama mjukuu, halafu nakusalimu kama mke, maana ndivyo ulivyoniita tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni, kwa sababu nimepewa jina la Hawe Sidi, bibi yangu. Mimi ni mzima. Chakula cha hapa ni kile kile, maharagwe yenye wadudu, lakini tunakula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu bwenini wakaniuliza nina nini. Ya tatu nililia. Babu, kumbe yule jogoo mwekundu ulimchinja kwa ajili ya ripoti yangu? Kwa sababu Joram wa dukani alikusomea mistari yote akasema "vizuri sana, mzee, vizuri sana"? Na mimi nilikuwepo. Nilikula paja, nikanyonya na mifupa, nikanyamaza, huku najua nimekuwa wa ishirini na tisa kati ya wasichana arobaini na mmoja, nambari walizoziandika kwa maneno ya Kiingereza. Nisamehe. Nilikuona ulivyofurahi nikashindwa kufungua mdomo.

Usimkasirikie Joram. Si mwongo yule, ana huruma tu iliyopita kiasi.

Sasa unasema hutaki kusomewa tena, unataka kusoma ripoti yangu kwa macho yako, na kwamba Kiswahili cha gumbaru, darasa lenu la watu wazima, umekimaliza. Haya. Mwalimu wako ni mimi, na mimi ni mkali.

Walimu wetu hawaandiki mengi kwenye ripoti. Huandika kitendo kimoja, kama "anasoma" au "anauliza", kisha huweka kielezi, na hapo kwenye kielezi ndipo mtoto anapopona au anapoumia. Joram aliyaruka maneno hayo yote. Mwalimu wa Kemia aliandika kwamba ninauliza maswali "rarely", yaani mara chache sana. Wa Hisabati akaandika "fairly", yaani kiasi tu, wala si jambo la kuulia jogoo.

Vielezi vina koo, kama sisi. Usihangaike na majina ya koo hizo kwa Kiingereza. Kila ukoo unajibu swali lake. Tuseme mbuzi wa Mzee Lewa wamekula mihogo yetu. Wamekula vipi? Haraka. Lini? Jana. Wapi? Kule bondeni. Mara ngapi? Kila mara. Kwa kiasi gani? Mno. Koo ni hizo tano. Nimekuandikia maneno ishirini ya Kiingereza nyuma ya karatasi hii pamoja na maana yake. Yagawe, kila neno kwa ukoo wake, unirudishie.

Mkeo na mjukuu wako,
Sidi Kambi

---

Kakuyuni,
2 Februari 1986

Kwa Sidi, mke wangu msomi,

Marahaba. Barua hii anaileta Mwalimu Hannah kwa mkono wake, anakuja Kilifi kwenye mkutano wa walimu wa gumbaru. Mpe maji ya kunywa, mama wa watu amechoka na sisi.

Hilo la paja la jogoo nimelisikia. Nimekusamehe, lakini siku utakayokuja nitakula mapaja yote mawili mimi, wewe nikupe shingo.

Maneno yako ishirini yamenitesa wiki mbili. Niliyaandika kwa makaa kwenye vipande vya boksi nikavipanga uani. Upepo ukaja ukavichanganya, "yesterday" akaenda kulala na "slowly". Kuku akamdonoa "here". Wazee wenzangu wakipita wananiuliza, Charo, una miaka sitini na nane, Kiingereza unataka kuongea na nani, na wazungu wa mahoteli ya Malindi? Nawaambia nataka kuongea na mke wangu. Wanatikisa vichwa, wanajua Sidi nilimzika, wanadhani akili imeanza kuniacha. Sasa Sidi si yuko, ana miaka kumi na minane na anakula maharagwe yenye wadudu?

Majibu yangu yako nyuma. Hilo neno "never" nimelitia kwenye ukoo wa lini. Sina hakika nalo.

Nikwambie kitu. Baba yako anaendesha malori, anapita nchi za watu, ripoti yako akiiona anatia sahihi tu anaondoka. Mimi ndiye ninayekaa nayo. Naiweka kwenye kopo la majani ya chai pamoja na kipande cha kanga ya bibi yako. Miaka mitatu nimekaa na karatasi ambazo sijui zinasema nini juu ya mtoto wangu. Inaniuma hiyo. Kwa hiyo uwe mkali hivyo hivyo.

Mumeo,
Charo Dzombo

---

Kilifi,
9 Februari 1986

Mume wangu,

Shikamoo. Umepata kumi na saba kwa ishirini. Mimi nilipojifunza haya darasa la saba nilipata tisa, na usimwambie mtu.

Neno "never" ni la ukoo wa mara ngapi, hata kama hesabu yake ni sufuri. Hayo mengine mawili ni uzembe, umeandika huku unatazama mbuzi.

Sasa tunapanda ngazi. Nataka sentensi kumi nzima za Kiingereza, kila moja na kielezi chake, na ukipigie mstari. Ziandike kwenye karatasi ya peke yake, bila salamu wala habari za nyumbani, nizisahihishe kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa kweli. Usiruke huku na huku, andika juu ya mtu mmoja tu. Andika juu yangu, mkeo, kwa kuwa unapenda kunisema. Mwalimu Hannah atakusaidia herufi, lakini sentensi ziwe zako.

Tuma kwa posta. Tusimfanye Mwalimu Hannah tarishi.

Mkeo,
Sidi

---

Sekondari ya Wasichana Mwamba Mweupe,
Kilifi.
3 Machi 1986

Bw. Kambi Charo,
Mariakani.

KUH: BINTI YAKO SIDI KAMBI, KIDATO CHA NNE

Bwana,

Kama wazazi wote wanavyojua, barua zinazoingia shuleni hufunguliwa na ofisi yangu. Tarehe 27 Februari niliifungua barua ya binti yako. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya Kiingereza, sentensi kumi, bila anwani, na chini imetiwa sahihi: Mumeo, Charo.

Nakutafsiria baadhi, nawe utaamua. "Mke wangu analala mbali." "Namsubiri mke wangu kwa uvumilivu." "Mke wangu atarudi hivi karibuni." Ya saba ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote: "Mke wangu aliondoka nyumbani kimya kimya." Naelewa kwamba msichana huyu aliozwa likizoni, akatoroka kuja shule.

Nilimwita. Akasema ni babu yake, anajifunza Kiingereza. Bwana Kambi, katika miaka miwili wasichana wanne wamesimama mbele ya meza yangu wakaniambia ni babu, ni mjomba, ni ndugu wa kanisani. Niliwaamini. Leo wote wanne wana watoto mgongoni, hakuna hata mmoja aliyefanya mtihani. Sitaamini tena kwa urahisi.

Namrudisha kwako. Shule hii haiwezi kumsajili msichana aliyeolewa. Nitafunga orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne Alhamisi, tarehe 27 Machi. Usipofika wewe au mlezi wake kunieleza jambo hili ana kwa ana kabla ya siku hiyo, nitalifuta jina lake. Sitafurahi kufanya hivyo, maana mwaka huu ameanza kuamka.

Jedida Nyakio,
Mwalimu Mkuu

---

Kilifi,
8 Machi 1986

Mume wangu mpenzi,

Shikamoo, Babu. Mimi ni mzima kabisa, masomo yanaendelea vizuri, na hapa shuleni kila kitu ni salama salimini.

Karatasi yako ya sentensi ilifika. Umepata kumi kwa kumi! Hongera sana. Sina cha kusahihisha. Nadhani kwa sasa tupumzike kidogo na zoezi la kuandika, hasa kutuma kwa posta, kwa kuwa mitihani imekaribia na nina kazi nyingi.

Hivi, Babu, Baba alikwambia safari yake ya Rwanda itachukua siku ngapi? Nauliza tu.

Wasalimie mbuzi.

Mjukuu wako,
Sidi

---

Kakuyuni,
14 Machi 1986

Sidi,

Marahaba. Barua hii naituma kwa sanduku la baba yako, Mariakani, na sasa hivi unaposhangaa nimejuaje, kaa chini kwanza.

Umenifundisha kusoma, halafu unanidanganya kwa maandishi? Ebo! Mimi siku hizi nasoma kila kitu. Nasoma magunia, nasoma makopo, nasoma na matangazo ya dawa ya kupe. Barua yako ilipofika niliisoma bahasha kabla sijaifungua. Juu ya stempu pana muhuri wa posta. Niliupeleka juani nikausoma herufi moja moja. Mariakani. Ndani umeandika Kilifi. Wapi, Sidi? Si ulisema kila ukoo una swali lake?

Tena umenipa kumi kwa kumi. Wewe! Mtu aliyeninyima alama tatu kwa sababu natazama mbuzi! Na ulipomaliza ukaandika "mjukuu wako" peke yake. Mke wangu umemwacha wapi?

Sijalala vizuri. Sasa nisikilize. Kama umefukuzwa, niambie. Kama unaumwa, niambie. Kama kuna mtoto tumboni, niambie vile vile, hatutakutupa, tutalea. Bibi yako aliumwa miezi minne akinificha, anasema ni uchovu tu, Charo, ni uchovu. Hakutaka niache kupalilia. Nikapalilia, nikavuna, nikamzika. Usinifanyie tena jambo hilo wewe mwenye jina lake.

Charo

---

Mariakani,
17 Machi 1986

Babu yangu, mume wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye kizingiti cha chumba cha Baba, na Mama Mumbua, jirani, akatoka na jiko lake akanikuta nimejiinamia. Amenipa chai. Ananipa chai kila siku, haulizi kitu.

Siumwi. Sina mimba. Nimerudishwa nyumbani. Nimekutia humu barua ya Mwalimu Mkuu, isome mwenyewe, ni ya Kiswahili. Usimpe Joram.

Nilikuficha si kwa sababu sikukuamini. Nilijua tu kwamba ukisikia ni karatasi yako iliyonitoa shule, hutashika kalamu tena maisha yako yote. Na kosa si lako, ni langu. Barua zetu hufunguliwa, nalijua hilo tangu kidato cha kwanza. Zile za kwanza zililetwa kwa mkono, nikasahau. Mimi ndiye niliyekwambia uandike karatasi tupu bila salamu. Mimi ndiye niliyesema uandike juu ya mkeo. Nyumbani ukiniita mke wangu hata mbuzi hawageuki. Sikufikiri kwamba ukiandika kwa Kiingereza, mbele ya mtu asiyetujua, utani wote unamwagika yanabaki maneno matupu.

Nilijaribu kumweleza. Nikaanza kulia, na nikilia naonekana kama mwongo.

Baba yuko Kigali, lori limeharibika, atarudi katikati ya Aprili. Orodha inafungwa tarehe 27. Nimemwandikia, barua haitamfikia. Babu, sijui la kufanya. Nilikuwa nimeanza kuuliza maswali kwenye Kemia.

Mkeo,
Sidi

---

Nje ya lango la Mwamba Mweupe,
Kilifi.
Jumatano, 26 Machi 1986

Kwa Mwalimu Mkuu,

Salamu. Jina langu ni Charo Dzombo wa Kakuyuni. Mimi ndiye yule mume.

Nimefika kwa basi la kwanza. Askari wako amekataa kuniingiza kwa sababu leo si siku ya wageni na jina langu halimo kwenye daftari lake. Ni kijana mzuri, anafuata kazi yake, tena amenipa karatasi na kalamu. Naandika nimekalia jiwe. Nina miaka sitini na nane na nimejua kuandika miaka miwili tu, kwa hiyo usitazame mistari inayopanda, tazama mwandiko wenyewe. Ichukue karatasi yangu ya sentensi kumi, uiweke kando ya hii. Kama mkono si mmoja, nitarudi kwetu.

Mwalimu, nimeoa mara moja tu. Mke wangu aliitwa Sidi. Mwanangu Kambi alipozaa binti, tulimpa jina la bibi yake, ndivyo tufanyavyo sisi. Na kwetu babu humwita mjukuu wa jina hilo mke wangu, naye humwita babu mume wangu, wakachekana, wakagombea na chakula. Ni heshima ya nyumba, ni furaha ya wazee. Hakuna uchafu ndani yake. Mke wangu alipofariki mwaka wa sabini na tisa, mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuja akakaa kando yangu akasema, mume wangu, mimi nipo. Tangu hapo sijamwita jina jingine.

Sentensi zangu ni utani, isipokuwa moja. Hiyo ya saba si ya mjukuu. Kulikuwa kumekucha kidogo, nilikwenda kufungua mbuzi, niliporudi Sidi wangu hakuwa anapumua. Aliondoka kimya kimya. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo kwa lugha yoyote. Nilipojifunza neno lile la Kiingereza, "quietly", niliona naweza kulisema kwa lugha ambayo haijanizoea, nikaliandika. Samahani kama lilikutisha.

Umeniuliza kwa nini najifunza? Hujaniuliza, lakini nakwambia. Nataka kusoma ripoti mnazomwandikia. Nataka kujua anasoma vipi, anakosea mara ngapi. Hiyo tu.

Kesho unafunga orodha. Kama huniamini, nipe mtihani hapa hapa langoni, uniulize koo zote tano za vielezi mbele ya askari. Nikishindwa hata mmoja, lifute jina. Lakini sitashindwa, mwalimu wangu ni mkali.

Tangu mke wangu afe sijaoa tena. Kwa Kiingereza ni "never". Ni ukoo wa mara ngapi, nilikosea mwanzoni.

Charo Dzombo

---

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
26 Machi 1986

Mzee Charo,

Nimeziweka karatasi mbili pamoja mezani. Mkono ni mmoja. Hata herufi ya "k" imeinama vile vile.

Mimi natoka Nyeri. Nilipewa jina la nyanya yangu, Nyakio, na babu yangu hakuniita jina hilo hata siku moja. Aliniita bibi harusi wake mpaka alipoingia kaburini, na mimi nilimpelekea uji kila asubuhi nikijigamba kwamba nampikia mume wangu. Sentensi zako ningezisoma kwa Kikikuyu ningecheka mpaka nikatokwa na machozi. Nilizisoma kwa Kiingereza, nimekaa kwenye kiti hiki, nikawaona wale wasichana wanne. Babu yangu mwenyewe sikumkumbuka. Naona haya kukuandikia jambo hili, na naona haya zaidi kwamba umekaa juani.

Mtoto alinieleza nami sikumsikiliza. Nitamwomba radhi mwenyewe, mbele ya darasa lake.

Jina lake liko kwenye orodha. Simu ya maandishi inakwenda Mariakani sasa hivi. Mwambie askari afungue lango, nimeshamwamuru. Chai iko mezani, na mtihani hautakuwepo.

Jedida Nyakio

---

Kakuyuni,
19 Aprili 1986

Kwanza, kwa Mwalimu Mkuu utakayeifungua barua hii: hujambo? Hapa chini kuna mke wangu, usishtuke.

Sasa wewe, Sidi. Nimesikia mmebakizwa shule likizo hii kwa masomo ya ziada, na kwamba baba yako amerudi salama na amekutembelea na mkate wa sukari. Vizuri. Amenipitia na mimi. Nilimsimulia yote, akashika kichwa, akasema, Baba, mimi niko Kigali nahangaika na gurudumu, kumbe huku nimekuwa mkwe wako. Tulicheka mpaka Mwalimu Hannah akasikia akiwa njiani.

Ripoti yako imefika, na bahasha imeandikwa jina langu. Mlezi: Charo Dzombo. Nilipita nayo dukani makusudi. Joram akanyoosha mkono, lete nikusomee, mzee. Nikamwambia leo mimi ndiye nitakayekusomea wewe, kaa kwenye gunia. Akakaa. Nikavaa miwani. Kemia, unauliza maswali "often", mara nyingi. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema vizuri sana, nikamwambia ngoja, hilo lenyewe nakubali. Hisabati, "fairly". Akasema vizuri sana! Nikamwambia hapana, Joram, ni kiasi tu, na wewe ulinigharimu jogoo. Alicheka, lakini macho yake yalilowa. Akasema, mzee, nilikuwa naona uso wako tu, nilishindwa. Nikamwambia najua. Nimempa mkono.

Umekuwa wa kumi na nne. Kutoka ishirini na tisa. Kumi na nne naijua bila miwani.

Mwalimu Mkuu ametia ndani ya bahasha ile karatasi yangu ya sentensi kumi. Ameisahihisha yote kwa kalamu nyekundu. Nane sawa, moja nimekosa, niliandika "far" bila kukipigia mstari. Ile ya saba hakuiwekea alama yoyote, wala ya kosa wala ya sawa. Pembeni yake ameandika kwa Kiswahili, "Pole, mzee," basi.

Na chini kabisa ya ripoti, mahali pake, ameandika sentensi moja tu. Niliisoma dukani nikashindwa kuimaliza kwa sauti. Nikaikunja, nikamuaga Joram, nikaondoka. Amesema unafanya kazi kwa bidii, kimya kimya. Ni neno lile lile, Sidi. Nililisoma mara nyingi njiani, na kila mara lilikuwa linamsema mtoto aliye hai.

Nilipofika nyumbani sikuingia ndani. Nilikwenda kaburini kwa mwenye jina, kule nyuma ya mikorosho, nikang'oa magugu kwanza, nikaketi. Nikamsomea ripoti yote, mstari kwa mstari. Mara ya kwanza kwa Kiingereza, ajue kwamba nimejua. Mara ya pili kwa Kigiriama, maana Kiingereza hakukisikia. Hisabati sikuiruka.

Halafu nikamwambia lile la asubuhi ile, ambalo nililiandika kwenye sentensi ya saba. Nilimwambia kwa lugha yetu. Niliweza.

Jogoo mwingine amekua, wa madoa. Ukija tutamchinja. Paja moja lako.

Mumeo,
Charo Dzombo
(babu yake, mzaa baba)